Kikundi cha watoto wenye usonji hapa Malindi: maoni yangu kama mzazi

Wazazi wengi wananiuliza kuhusu kile kikundi cha hisani kinachosaidia watoto wenye usonji (autism) na wale wenye ADHD, yaani wanaoshindwa kutulia na kukaza fikira, hapa Malindi, kwa hivyo naandika yote mara moja. Jina sitaliweka, wenyewe wamesema chumba ni kidogo na hawataki watu wajazane kabla hawajapata pengine, lakini ukiulizia kwa kina mama wa Barani au Maweni utaelekezwa tu. Mimi nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki ntaeleza imeenda wapi.

Kwanza ukienda pale ukitarajia mtoto atolewe usonji utarudi umekasirika. Usonji si homa, mtoto ubongo wake ndivyo ulivyo, na hawa watu wanakwambia hivo siku ya kwanza bila kuzungusha maneno. Nilichopenda zaidi ni kwamba kabla ya chochote waliuliza, masikio yake yashapimwa? Ashawahi kuanguka kifafa? Manake mtoto asiyeitika akiitwa huenda hasikii tu, na kifafa kinawapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine, basi wakatuandikia barua twende hospitali tukapimwe kwanza. Hapa mjini kuna watu wanauza chupa za dawa eti mtoto ataongea ndani ya wiki, na mama aliyechoka atauza hata cherehani yake anunue. Dua na kombe simkatazi mtu, hata mimi namsomea wangu kila usiku, lakini hizo chupa hapana jamani. Siku moja mama mmoja akauliza kama ni zile sindano za surua ndo zimemuharibu mtoto wake, nesi wa kujitolea akamueleza pole pole kwamba maneno hayo yalitokana na makala ya daktari mmoja wa Uingereza ya mwaka 1998, na jarida la Lancet lililoitoa likaifuta mwaka 2010, na yule daktari akanyang'anywa leseni. Hakumcheka. Yule mama alitoka pale uso umetulia kabisa.

Sasa kazi yao yenyewe. Hawamfunzi mtoto peke yake, wanafunza nyumba nzima. Waliniambia nije na nyanya yake kwa sababu ndiye anayeshinda nae mimi nikiwa kazini. Wakatwambia tupige picha vitu vya nyumbani kwetu, jagi la maji letu lile lile la bluu, sahani ya wali, mlango wa choo, tuktuk, feni, halafu wakazilaminate zikawa kadi ndogo za kubandika na kubandua. Mtoto akileta kadi ya maji unampa maji hapo hapo, humwambii "sema maji kwanza". Nyanya yake hilo lilimshinda mwanzo, akisema mtazidi kumfanya asiongee, OT, yule mtaalamu anayemfunza mtoto shughuli za kila siku, akamueleza kwa heshima kwamba kadi haizuii maneno kutoka, inampunguzia mtoto ile hasira ya kutoeleweka. Basi usiku mmoja stima imepotea, joto la kaskazi hilo, kijana wangu akanijia gizani akanitia kadi mkononi, kumulika na simu naona ni feni. Feni yenyewe haiwezi kuzunguka, lakini mwanangu kaniambia anaskia joto! Mtoto ambae siku zote angepiga kichwa ukutani na mimi nisijue anataka nini. Nilimkumbatia nikampepea na kipepeo cha mkono mpaka akalala, na nyanya yake tangu siku hiyo kadi anazitunza mwenyewe, hakuna anaezigusa.

Kitu kingine ni kinyozi. Wenye watoto hawa mnajua vita vya kunyoa. Wao wameongea na kinyozi mmoja afungue mapema wateja hawajaja, mtoto anashikishwa mashine ikiwa imezimwa, siku nyingine inawashwa mbali asikie tu, siku nyingine inagusishwa mkononi, na hakuna kumbana mtoto kwa nguvu. Inachukua muda mrefu sana lakini wangu sasa anakaa kitini na hedfoni zake masikioni.

Makaratasi pia wanasaidia: tathmini ya hospitali, kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maombi ya Inua Jamii ile ya 2,000 kwa mwezi kwa walio na ulemavu mkubwa, na kupelekwa EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, kupimwa kwa ajili ya shule. Kuna shule ilinirudisha getini ikaniambia "mtafutie za wenzake", mmoja wa kikundi akaandamana nami siku ya pili akazungumza nao, na kijana akapewa nafasi. Picha za watoto za kuwaonyesha wafadhili wanaomba ruhusa, mimi nilikataa na hakuna aliyenibadilikia.

Sasa hiyo nyota. Therapisti wa usemi anatoka Mombasa, na asipokuja hakuna anaetuma ujumbe, unakuta mama katoka Mambrui au Gongoni na nauli ya kuazima anafika anaambiwa leo hayupo. Hilo linaniuma kwa kweli, ujumbe wa simu ni shilingi ngapi. Halafu chumba ni cha mabati, mvua ikinyesha ni kelele tupu, na hawa ndio watoto wanaoumizwa na kelele, ukiangalia wote wameziba masikio. Na wakubwa wamesahaulika, ukiwa na kijana wa miaka 15 hamna cha maana pale, wakati huyo ndo anahitaji kufunzwa kazi na kujilinda. Kina baba nao wachache mno, ila hilo si kosa la kikundi, baba watoto mnasoma hapa mnajijua.

Wanafungua Jumamosi saa tatu asubuhi. Ada hakuna, ukiwa na chochote unachangia chai. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, maji, na kile chakula anachokubali kula, na kama kuna nyanya au shangazi anaekulelea mtoto nenda nae siku hiyo hiyo ya kwanza.