Mwongozo wa ICOPE kwa wahudumu wa wazee Dodoma: unapofundisha na unapokuacha njiani

Afisa tabibu wa Chemba au muuguzi wa Mpwapwa anayetaka kujiendeleza katika huduma za wazee bila kuomba ruhusa ya masomo anaweza kuanza na kitu cha bure: mwongozo wa ICOPE, yaani huduma jumuishi kwa wazee, wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Mapendekezo yake 13 yalitoka 2017. Kitabu cha kufanyia kazi na programu yake ya simu vikafuata 2019. Tathmini hii ni ya toleo hilo la 2019.

Kama darasa la kutambua tatizo, ni zuri. Kama darasa la kutibu, lina mashimo, tena palepale ambapo wazee wetu huumia zaidi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba hauanzi na ugonjwa. Unaanza na uwezo: kukumbuka, kutembea, kula, kuona, kusikia, na hisia (kama ana huzuni). Mambo sita, maswali machache, na ukizoea unamaliza mzee mmoja kwa dakika kama 10. Mzee aliyekuja kwenye foleni ya presha, akapimwa, akapewa dawa za mwezi na kuondoka, kwa kawaida hakuna aliyemuuliza lolote kati ya hayo sita.

Kipimo chenye faida kuliko vyote ni cha kiti. Mzee anakaa, anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara 5. Akizidi sekunde 14, au akishindwa, anahitaji kuchunguzwa zaidi. Vifaa ni kiti na saa ya simu. Hata hivyo ndicho kinachoharibiwa zaidi. Kosa la kwanza ni kiti: benchi la wagonjwa ni refu, kigoda ni kifupi, na vyote viwili vinadanganya. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 hadi 47 toka sakafuni, mgongo wake ukutani ili kisirudi nyuma. Kosa la pili ni saa: inaanza mzee anapoanza kunyanyuka, inasimama anaponyooka mara ya tano, si anapokaa. La tatu ni kuruka swali la mwanzo, yaani kumuuliza mwenyewe kama anaona ni salama kujaribu. Akisema hapana, hilo ni jibu tosha, usimlazimishe.

Aliyeshindwa anapelekwa kwenye kipimo kirefu: kusimama bila kuyumba kwa sekunde 10 katika mikao mitatu, kutembea mita 4, kisha kiti tena, jumla alama 12. Mita 4 zipime kwa futi ya fundi na uweke alama ya plasta sakafuni. Wanaokadiria kwa hatua zao hupata majibu tofauti kila zamu.

Sasa lawama. Jedwali la maswali linaanza na kumbukumbu, na usikivu uko karibu na mwisho. Kwa mtu anayejifunza mwenyewe huo ni mtego. Mzee asiyesikia vizuri hatarudia maneno matatu ya kipimo cha kumbukumbu, nawe utaandika kwenye daftari lake kwamba anapoteza kumbukumbu, ilhali masikio yamejaa nta. Fuata mpangilio wako: masikio kwanza, macho, ndipo kumbukumbu.

Kipimo cha mnong'ono nacho kinahitaji mkono wa mtu aliyezoea. Simama nyuma yake kidogo upande mmoja, umbali wa mkono ulionyooshwa, yeye akiziba sikio la pili kwa kidole. Toa pumzi yote nje, ndipo unong'one maneno manne yasiyohusiana. Asiyetoa pumzi kwanza anajikuta anaongea kwa sauti, na kila mzee anafaulu. Ukipimia kwenye korido ya zahanati yenye bati na upepo wa Dodoma, kila mzee anafeli. Na wale wanaopima kwa kusema "shikamoo" kwa sauti ya chini, waache: mzee anaona midomo, anajua utasema nini, "marahaba" inamtoka hata kama hakusikia kitu.

Maneno ya kukumbuka yanayopendekezwa kwa Kiingereza (flower, door, rice) yakitafsiriwa hivihivi yanaleta vurugu. Ua ni la bustanini au la kuzunguka nyumba? Na neno la tatu ni mpunga, mchele au wali? Mzee akirudisha "wali" baada ya kuambiwa "mchele", umpe au umnyime? Tumieni maneno yasiyo na utata, kwa mfano jembe, mlango, mbuzi, na kituo kizima kikubaliane yawe hayohayo ili ziara ijayo ilinganishwe na hii. Kwa bibi ambaye Kigogo ndiyo lugha yake ya nyumbani, mpime kwa Kigogo. Swali la tarehe kamili nalo halimtendei haki asiyewahi kuishi kwa kalenda. Ukibadilisha ukauliza siku ya wiki na msimu wa shamba, andika kwamba umebadilisha.

Upande wa macho, chati ya herufi E haihitaji mtu aliyesoma, na hilo ni jema. Ila kwa mkoa huu haitoshi. Kongwa imekuwa eneo la utafiti wa trakoma kwa miongo kadhaa, na kovu la ugonjwa huo hujitokeza uzeeni: kope zinageuka ndani na kukwaruza jicho. Chukua tochi, mwambie mzee aangalie mbele, sukuma ukope wa juu kidogo kwenda juu, tazama kope zake moja moja. Ukiona hata moja inagusa jicho, mpe rufaa ya upasuaji. Kumgawia miwani mtu huyu ni kupoteza muda wake.

Kwenye lishe swali ni kama amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi mitatu bila kukusudia. Nani anajua uzito wake wa miezi mitatu nyuma? Uliza mkanda umeongezwa tundu, blauzi inapwaya, na anza leo kuandika uzito kwenye daftari. Kiwango cha protini kinachotajwa, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ni sahihi lakini hakimsaidii muuguzi mpaka kigeuzwe chakula. Bibi wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60. Ugali uliopikwa kwa unga mkavu wa uwele gramu 300 unampa kama 30. Karanga gramu 50 zinaleta 13. Yai 1 ni 6. Glasi ya maziwa ni 8. Mlenda mtupu hauongezi cha maana, kwa hiyo karanga zisagwe ziingie humohumo kwenye mlenda. Hapo hata asiye na meno anakula. Mwenye figo zilizochoka asipandishiwe protini bila daktari.

Shimo kubwa ni dawa. Makundi ya dawa zinazoleta shida yanatajwa, lakini msomaji wa zahanati anahitaji majina yaliyo kwenye rafu yake. Diklofenaki ya magoti inapandisha presha na kuumiza figo. Glibenklamidi ya kisukari kwa mzee anayekula mlo mmoja inashusha sukari usiku. Amitriptilini ya sonona na piritoni ya mzio huleta kuchanganyikiwa, mkojo kuziba na kuanguka. Na kabla ya kuongeza dozi ya presha, pima akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3; ikishuka 20 ya juu au 10 ya chini, huenda ni dawa inayomwangusha.

Mkojo kutoka bila kujizuia umo kwenye mapendekezo ya 2017, ila haumo kwenye maswali sita. Ongeza swali la saba; bibi hatakuambia mwenyewe. Vilevile mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku, si wa maswali haya kabisa: pima malaria, sukari, mkojo na oksijeni, na umpe rufaa mapema.

Kuhusu huzuni, maswali mawili ya wiki mbili zilizopita hupata jibu moja: "Tunashukuru Mungu." Uliza alichokuwa anapenda kufanya na kama bado anakifanya. Anayetamka kutaka kufa asiondoke peke yake. Hospitali ya Mirembe ya afya ya akili iko hapahapa Dodoma mjini.

Mwenye muda wa jioni mbili asome sura ya kutembea na ya lishe kabla ya nyingine zote, kisha ajizoeze kwa wenzake watano kabla ya kumgusa mzee. Ukurasa wa maswali uchapishwe, upangwe upya masikio yakitangulia, ubandikwe karibu na mashine ya presha. Na kiti kiegemezwe ukutani kabla foleni haijaanza.