Kitchen Arts & Letters, New York: duka la mkusanyaji wa vitabu vya mapishi

Duka hili la Lexington Avenue, lililofunguliwa na Nach Waxman mwaka 1983, linauza vitabu vya vyakula na vinywaji tu: vipya, na vya zamani visivyochapwa tena. Mwenye kutaka vya bei ya chee aende minada ya makanisa. Hapa unalipia uteuzi.

Popote ununuapo, usiridhike na mwaka wa hakimiliki. Kwa vitabu vingi vya Marekani vya miaka ya 1970 kuendelea, tazama mstari wa tarakimu (1 hadi 10, zinazoonyesha ni chapa ya ngapi) nyuma ya ukurasa wa jina: ikiwamo 1, kwa kawaida ni chapa ya kwanza. Kisha kunjua jalada la karatasi linalovishwa juu ya kitabu. Ukingo wa ndani usio na bei, na kona haijakatwa, mara nyingi ni nakala ya klabu ya vitabu, yaani iliyochapwa kwa ajili ya wanachama wa klabu, yenye thamani ndogo.

Doa la siagi si neno, na maandishi ya mpishi pembezoni ni tunu. Ukungu ndio adui: harufu ya unyevu ikikupiga, rudisha kitabu rafuni, maana huambukiza vingine. Mwisho, hesabu kurasa za picha. Hizo ndizo hunyofolewa.