Kozi ya mbinu za utafiti wa siasa: Jumamosi nne, laki na nusu

Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii, Morogoro. Mwaka jana nilishinda stendi ya Msamvu nikiuliza watu 300 kama wanaridhika na madiwani wao, kisha nikatangaza hewani kwamba wananchi wamechoka. Msikilizaji mmoja akapiga simu: "Dada, hapo wanawake walikuwa wangapi?" Kuhesabu, 19. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kozi hii. Shilingi 150,000, chai na maandazi humo humo.

Jumamosi ya sampuli, yaani namna ya kuchagua wa kuhojiwa, mwalimu alitumia mfano wa Afrobarometer, mtandao wa utafiti unaokusanya maoni ya wananchi Afrika. Tanzania huwa wanahoji watu wazima kama 2,400 tu. Nyumba hii wakimhoji mwanamume, inayofuata ni zamu ya mwanamke, na mara nyingi makadirio yao hayapishani na hali halisi kwa zaidi ya takriban pointi 2 za asilimia juu au chini. Wale 300 wangu hata wangefika 3,000, wangebaki kuwa wasafiri wa Msamvu.

Lakini pesa yangu ilirudi siku ya hojaji. Swali langu la "unaridhika na diwani na mbunge wako?" alilikata vipande viwili mbele ya darasa (nilitamani kuzama chini ya dawati), halafu akatutuma mtaani. Bibi mmoja muuza mchicha nikamuuliza kama anafuatilia siasa. "Mimi sina siasa, mwanangu." Kisha akanipa dakika 40 za mtendaji, michango ya shule na bomba lisilotoa maji! Nikalifuta neno siasa kwenye karatasi yangu.

Swali la mwisho tuliliazima kwa hao hao Afrobarometer: unadhani ni nani ametutuma? Kati ya wanane niliowahoji, sita walijibu serikali. Ikabidi nirudie kusoma sifa zote walizommwagia mwenyekiti wa mtaa.

Jumamosi ya kompyuta, bora ningelala. Mashine sita, wanafunzi 20, na leseni ya SPSS, programu ya kuchambua takwimu, imeisha muda. Ukienda, beba laptopu yako ukiwa umeshapakua PSPP, ni ya bure na inafanana nayo. Vitini vyote ni vya Kiingereza ingawa darasa linaendeshwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kaa karibu na mwalimu uandike maneno yake.

Cheti tuliambiwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu tunasubiri.