Kitabu cha picha za Guatemala, meza ya mitumba pale Mtaa wa Samora, Dar
Nimekipata kwa shilingi 15,000, jalada limeloa kona moja, kurasa zote zipo. Ni picha za wanamgambo wa vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo ya Amerika ya Kati, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1980. Jeshi liliwalazimisha wanaume kufanya doria. Aliyekataa alihesabiwa mwasi. Ukurasa wa katikati umenikaa moyoni: wazee watatu wamepangwa mstari, mmoja ana bunduki kuukuu, wawili mapanga, na hakuna anayeitazama kamera. Napiga picha za harusi, namtambua mtu aliyeamriwa asimame. Kinachoniuma, maelezo hayataji kijiji wala hayasemi kama waliridhia kupigwa picha. Muuzaji muungwana sana, hakuharakishi. Kuna nakala nyingine imebaki, wahini.