Chujio Lipi Linunuliwe kwa Maji ya Kisima Kilichochafuliwa

Kabla ya kwenda dukani, maji ya kisima yapimwe. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na vyoo vya shimo, kama vilivyo vingi Dar es Salaam, hupata vimelea vya kuhara na kipindupindu, ilhali vijiji vilivyo kandokando ya Mlima Meru husumbuliwa na floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, ambayo hupenya karibu kila chujio litakalotajwa hapa, na kuchemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo hubaki. Huko kinachofaa ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto kimelifanyia utafiti. Hata hivyo maji yaliyochujwa yaendelee kupimwa, maana mkaa huo huchoka bila ladha wala rangi ya maji kubadilika.

Kwa vimelea, ninakiweka mbele chungu cha udongo uliochanganywa na pumba, kikachomwa na kupakwa madini ya fedha, kisha kikaning'inizwa ndani ya ndoo yenye kifuniko na koki. Hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, na kasi ikipungua husuguliwa kwa brashi laini bila sabuni. Maji yake hutoka baridi kama ya mtungini, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya familia kutokiacha. Udhaifu wake ni kwamba ufa mwembamba usioonekana hupitisha maji machafu, kwa hiyo wanaonunua kwa kikundi wanunue na vyungu vya akiba.

Ya pili ni klorini, yaani WaterGuard ya maji au vidonge vya Aquatabs. Ni nafuu, na huendelea kuyalinda maji ndani ya ndoo, jambo ambalo chujio haliwezi. Maji husubiri dakika 30 kabla ya kunywewa. Yakiwa na tope yachujwe kwanza, kwani tope huimaliza nguvu dawa. Wengi huiacha kwa sababu ya harufu, lakini kipindupindu kikizuka ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa kuwa inaweza kugawiwa nyumba zote kwa siku moja.

Machujio ya nyuzi yanafuata, na hapa mnunuzi aulize ukubwa wa matundu: ya mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huzuia bakteria lakini si virusi, ilhali ya mikroni 0.02, kama LifeStraw Family, huzuia vyote viwili. Yasiposafishwa kwa kurudisha maji nyuma, huziba.

Chujio la zege lenye mchanga linafaa zaidi shuleni, kwa kuwa ni zito mno kuhamishwa na huhitaji wiki kadhaa za kutumiwa mfululizo kabla halijafikia uwezo wake.

Mtambo wa umeme unaosukuma maji kupitia utando ninauweka mwisho. Ununuliwe pale tu kisima kinapokuwa cha chumvi, na penye maji ya kutosha, kwani sehemu kubwa yake humwagwa.