Kununua mhusika wa 3D kwa ajili ya gemu: tuanze na anayeingia bila kukusumbua

Picha ya dukani inakuonyesha sura na mavazi. Lakini kinachoamua kama mhusika atatembea ndani ya injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu, kama Unity, Unreal au Godot) ni mifupa yake (viungo vya kidijitali vinavyomsogeza), jinsi ngozi ilivyofungwa kwenye mifupa hiyo, na aina ya faili lililombeba. Kwa hiyo hapa hatupangi kwa uzuri wala kwa bei, tunapanga kwa saa utakazotumia baada ya kulipa.

Kabla ya kutoa pesa, chukua kwanza mhusika wa bure. Watengenezaji Quaternius na Kenney wanatoa wahusika kwa leseni ya CC0, yaani unaruhusiwa kuwatumia hata kwenye gemu ya kuuza. Mpitishe mmoja njia nzima, kuanzia Blender (programu ya bure ya kutengeneza modeli za 3D) mpaka kwenye simu unayoilenga. Akikwama mahali, wa kununua naye atakwama papo hapo.

Nafasi ya kwanza: faili la FBX au GLB lenye mifupa, pamoja na faili la Blender

Hili ndilo chaguo letu kwa watu wengi. Ukitumia Godot, dai GLB. Ukitumia Unity au Unreal, FBX ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. GLB ni faili la mfumo wa glTF 2.0, uliotolewa na Khronos, muungano wa kampuni za teknolojia, mwaka 2017, na vipimo vyake havibishaniwi: urefu ni kwa mita, juu ni mhimili wa Y. FBX ni mali ya Autodesk, na kila programu inaiandika kwa namna yake. Ndiyo maana mhusika aliyetoka Blender, ambako juu ni Z, huonekana Unity akiwa na mzunguko wa -90 kwenye X na ukubwa wa 100. Kwa macho yuko sawa. Siku msimbo wako utakaporudisha mzunguko kuwa sifuri, analala chini.

Faili la Blender ndilo dawa ya hitilafu hizo, kwa hiyo usikubali kuuziwa bila hilo. Lifungue, teua modeli na mifupa, bonyeza Ctrl+A, kisha chagua “Rotation & Scale”. Angalizo: fanya hivyo kabla ya kuweka animesheni. Ukibadilisha ukubwa wa mifupa yenye animesheni tayari, vipimo vya kusogea vinabaki vya zamani na nyonga zinaruka hovyo. Wakati wa kutoa FBX, weka “Apply Scalings” kuwa “FBX All”, na uondoe alama kwenye “Add Leaf Bones”, la sivyo kila ncha ya kidole itaota mfupa wa ziada usio na kazi.

Muulize muuzaji mambo matatu. La kwanza, mifupa: mfumo wa Humanoid wa Unity unataka isiyopungua 15, kuanzia nyonga na uti wa mgongo hadi viganja na nyayo. La pili, kila nukta ya ngozi inavutwa na mifupa mingapi? Unity kwa kawaida inachukua minne, ya ziada inakatwa, na mabega au pembe za mdomo zinakunjamana vibaya. La tatu, teksicha, yaani picha zinazovikwa juu ya modeli. Hapa ndipo simu za Android za bei nafuu zinapokufa. Teksicha moja ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula MB 64 za kumbukumbu, ya 2048 inakula 16. Mhusika mwenye teksicha tatu za 4096 ni MB 192, na bado hujaweka hata nyumba nyuma yake. Shusha hadi 2048 na ubane kwa ASTC 6x6 (njia ya kubana teksicha), kila moja itabaki kama MB 2. Kwa gemu ya simu, pembetatu (vipande vinavyounda umbo) 5,000 hadi 10,000 kwa mhusika mkuu zinatosha kabisa.

Nafasi ya pili: kifurushi cha injini yako

Unakifungua, unamburuta mhusika, anakimbia. Tatizo linakuja matoleo yasipolingana. Kifurushi cha Unity kilichotengenezwa kwa mfumo wa zamani wa uchoraji kikiingia kwenye URP (mfumo mpya wa uchoraji wa Unity), mhusika mzima anageuka waridi kali. Modeli haijaharibika, ni materiali zinazohitaji kubadilishwa. Upande wa Unreal, kilichohifadhiwa kwenye toleo jipya hakifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo soma namba ya toleo kabla ya kulipa.

Nafasi ya tatu: modeli isiyo na mifupa, iliyosimama mkao wa T (mikono imenyooshwa pembeni)

Bei huwa chini, na tovuti ya Mixamo ya Adobe inaweka mifupa bure ukiwa na akaunti: unaonyesha kidevu, vifundo vya mikono, viwiko, magoti na kinena, inamaliza yenyewe. Lakini inawajua viumbe wa miguu miwili tu. Na mhusika aliyevaa kanzu au buibui atakutoa jasho, kwa sababu nguo inafungwa kwenye mifupa ya miguu na kila hatua inaivuta katikati. Nguo ndefu inahitaji mifupa yake, na hiyo ni kazi ya mkono.

Nafasi ya mwisho: faili la OBJ peke yake

OBJ haibebi mifupa wala animesheni. Inafaa kwa kiti au chungu. Kwa mhusika, iache.

Jambo moja linalowapata hata walionunua vizuri: Unreal inasoma rangi ya kijani ya teksicha ya nomali (ile inayoigiza mabonde na miinuko midogo) kinyume na Unity, Godot na Blender. Ukiona mikunjo ya nguo iliyopaswa kubonyea imetokeza, fungua teksicha hiyo ndani ya Unreal na uwashe “Flip Green Channel”.

Soma leseni pia. Wahusika wanaofanana na wachezaji mpira au waigizaji maarufu mara nyingi huuzwa kwa matumizi ya habari tu, na hao huwezi kuwaweka kwenye gemu ya biashara. Na ukihifadhi mradi wako mahali pa wazi kama GitHub, toa faili ghafi la mhusika kwanza: leseni nyingi za kulipia zinakataza kulisambaza.