Kitengo cha ajira cha ofisi ya wakimbizi Kentucky: tathmini ya aliyehudumiwa

Ofisi iliyotupokea jimboni Kentucky, Marekani, tulipotoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ina kitengo cha ajira ambacho kazi yake ni kuzisaidia familia zinazopokea fedha za kujikimu zipate mishahara. Sisi tuliandikishwa katika mpango wa siku 240, na kila familia ikapewa msimamizi wake wa kesi.

Msimamizi wetu hakuishia kutujazisha fomu. Mke wangu alipopata nafasi ya zamu ya jioni ghalani, msimamizi alifungua kwanza ratiba ya mabasi, akakuta kuwa basi la mwisho hupita kabla zamu haijaisha, akampigia mwajiri mbele yetu mpaka ikapatikana zamu ya asubuhi. Katika mazoezi ya usaili alitubebesha sanduku la rimu kumi za karatasi, kwa kuwa maghala mengi huuliza kama mtu anaweza kuinua ratili 50, na hakutaka tujibu kwa kubahatisha.

Kwa jirani yetu, mama anayelea watoto peke yake kwa msaada wa TANF, yaani fedha za muda ambazo Marekani huzipa familia maskini zenye watoto, umakini wa namna hiyo una uzito zaidi. Sheria ya 1996 iliwekea fedha za serikali kuu kikomo cha miezi 60, na mzazi anayelea peke yake mwenye mtoto wa chini ya miaka 6 huhesabiwa kuwa ametimiza wajibu akifikisha wastani wa saa 20 kwa wiki za kazi au shughuli zinazotambuliwa. Karatasi za saa hizo zikikaa mezani kwa msimamizi, anayekatwa fedha ni mama.

Udhaifu wa kitengo huonekana baada ya ajira ya kwanza. Nililetewa kazi ya kufungasha vifurushi, nikaipokea, maana kodi ya nyumba haisubiri. Lakini nilipouliza kuhusu kutambuliwa kwa stashahada yangu ya uuguzi niliambiwa nianze kazi kwanza, na nilipoanza, simu zangu zikawa hazijibiwi. Silaumu moyo wa mtu: mpango wenyewe hupimwa kwa familia zilizojitegemea ndani ya muda, na aliyekwisha kuajiriwa faili lake hufungwa.

Ninawapa nyota nne kati ya tano kwa kazi ya kwanza, na mbili kwa yanayofuata. Mwenye taaluma aulize mapema ni nani atakayeshughulikia vyeti vyake, na jibu alipate kwa maandishi.